Swali Nisilomfundisha

Cornelius alinipigia simu kutoka Kampala saa saba mchana, nikiwa ofisini nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Sikungoja aseme kitu. Nilivyosikia pumzi yake tu, nikajua.

"Umefaulu," nikasema.

"Nimefaulu, Mwalimu."

Nikajifunika mdomo kwa kiganja. Walimu wenzangu waligeuka kunitazama, nikatoka nje haraka, nikasimama nyuma ya tangi la maji ambako hakuna mtu angeniona nikilia.

"Wamekuuliza nini? Niambie yote, usiruke."

"Mihimili ya serikali. Katiba ni ya mwaka gani. Rangi za bendera na maana zake, hapo nilipita bila hata kumeza mate. Halafu mama mmoja mwenye miwani akafunga faili, akaniuliza, 'Bwana Wandera, kwa nini unataka kuwa raia wa Uganda?'"

"Ukasemaje?"

"Kama tulivyojifunza. Kwamba nimeishi Tororo miaka ishirini na miwili, kazi yangu iko hapa, watu wangu wako hapa." Akashusha sauti. "Nilitaka kulitaja jina lako, Athieno. Lilikuwa hapa mdomoni. Lakini nikaona ile ni ofisi ya serikali."

Nilicheka huku machozi yakinitiririka. Akaniambia kilichobaki ni kiapo tu, tarehe wangemtumia. Akaniambia Jumamosi atakuja kijijini kwetu Kirewa na mama yake, kujitambulisha kwa wazazi wangu kama inavyotakiwa. Na mimi, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwalimu anayeheshimiwa, nilirukaruka nyuma ya lile tangi kama mtoto. Niliamini gumu kuliko yote limekwisha.

Sikujua kwamba ile ilikuwa furaha yetu ya mwisho.

Cornelius Wandera ni fundi wa mashine za kusaga nafaka. Kwao ni upande wa Kenya, huko Samia, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mpakani Busia ukipata pikipiki isiyosumbua. Alikuja Tororo akiwa na miaka kumi na minne, akimfuata mjomba wake Rasto aliyekuwa na karakana karibu na reli. Alikua hapo, akajifunzia kazi hapo, na hapo ndipo nilipomkuta miaka mitatu iliyopita, nilipopeleka mota iliyoungua ya mashine ya kusaga ya shule. Aliifungua akaitazama, kisha akanitazama mimi, akasema, "Hii itachukua muda." Nilikuja kujua baadaye kwamba ilikuwa kazi ya nusu saa.

Kwa miezi minane nilimfundisha kila Jumamosi alasiri, palepale karakanani. Maswali niliyaandika kwenye vipande vya karatasi za mifuko ya saruji, kwa sababu alisema madaftari yanamkumbusha shule, na shule aliiacha darasa la saba. Yeye alikuwa akifungua nati, mimi nikisoma.

"Bunge, Mahakama, na nini?"

"Serikali kuu."

"Yule korongo kwenye bendera anasimama kwa miguu mingapi?"

"Mmoja. Mwingine ameuinua, nchi inasonga mbele."

"Nani kakufundisha vizuri hivyo?"

"Kuna mwalimu mmoja mkali sana. Mweusi, mrefu, akikasirika pua inatanuka."

Utamaduni tulijifunzia jikoni kwa mama yangu, Alaso, ambaye yeye mwenyewe ni Mteso aliyeolewa kwa Wapadhola, kabila la baba. Mama alimpenda Cornelius siku ya kwanza, tangu alipomwona akila magira, zile kunde zetu za kupondwa, akaomba kuongezewa bila aibu.

Kuna Jumamosi moja siisahau. Nilimuuliza, "Kabla ya mwaka 1902, Uganda ilifika wapi upande wa mashariki?"

"Busia," akasema.

"Hapana. Ilifika mbali sana, hadi karibu na Naivasha. Wakoloni ndio waliousogeza mpaka."

Akaweka spana chini. "Yaani kwetu kulikuwa Uganda?"

"Kwenu kulikuwa Uganda."

"Basi babu ya babu yangu alikuwa Mganda, bila kufanya mtihani wowote."

"Alilala Mganda, akaamka wa upande mwingine."

"Na hakuhama hata hatua moja!"

Tulicheka mpaka wateja wakachungulia. Kicheko kilipokwisha hatukuendelea na swali lililofuata. Alinishika mkono kwa vidole vyake vyenye grisi na unga, akanitazama kwa muda mrefu, macho yake yakiwa na huzuni ambayo sikuielewa.

"Athieno," akasema polepole, "ikiwa mtu mmoja alikaa na wino akachora mstari, kwa nini mimi na wewe tunateseka hivi?"

Nilijua anayemzungumzia si mkoloni. Alikuwa anamzungumzia baba yangu.

Baba yangu, Mzee Obbo, si mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Ni mkulima wa ulezi na karanga, mzee wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti kwa mama. Mimi nilikuwa na dada, Dorah, mkubwa wangu kwa miaka minne. Dorah aliolewa Kenya, karibu na Bumala, na baba alimpeleka kwa mikono miwili na nyimbo. Mwaka 2020, ugonjwa ulipoingia duniani na mipaka ikafungwa, Dorah alikuwa mjamzito. Alifariki akijifungua, na mtoto hakupona.

Baba alikwenda Busia na koti lake la Jumapili. Askari walimwambia mpaka umefungwa. Watu walimwonyesha njia za vichochoroni, akakataa, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kupita mahali alipokatazwa. Alikaa pale siku tatu. Siku ya mazishi, shemeji alimpigia simu ili asikie, na baba akasimama kando ya kizuizi na simu sikioni, akisikia kwaya ikiimba ng'ambo, kilomita chache tu kutoka alipokuwa. Kabla jeneza halijashushwa, simu yake iliisha chaji.

Tangu siku hiyo hakuwahi kuvuka tena. Mpaka ulifunguliwa, watu wakarudi kupita, lakini baba hakwenda kuliona kaburi. Na nilipomwambia kwamba ninampenda Cornelius, hakunikemea. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Akikutaka, awe wa huku. Karatasi na mwili."

Kwa hiyo tulitafuta karatasi. Ya mwili hatukuyafikiria, au tuliogopa kuyafikiria.

Jumamosi ilipofika, mvua ilianza kunyesha saa nne asubuhi. Pikapu ya mjomba Rasto iliingia uani ikiteleza kwenye matope, akashuka Cornelius na suti yake ya kijivu, kisha akamsaidia mama yake.

Sikuwa nimewahi kumwona Mama Maximilla. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, amejifunga leso juu ya gauni, na kikohozi chake kilisikika kabla yake. Alibeba kikapu cha dagaa wa omena waliokaushwa vizuri na kitenge cha kumpa mama yangu. Nilipopiga magoti kumsalimu, alinishika mashavu kwa viganja viwili.

"Mulembe, mama," akanisalimu, akiniita mama kama Wasamia wanavyowaita binti zao. "Ndiye wewe? Ndiye wewe uliyemrudisha mwanangu shuleni?"

"Ndiyo, Mama."

"Mungu akuzidishie." Akanikumbatia. Alinuka moshi na sabuni, na nikampenda papo hapo. Natamani nisingempenda.

Tuliketi sebuleni. Mama alikuwa ametandika vitambaa vyake vyeupe vya kufuma kwenye kila kiti. Mvua ililipiga bati kiasi kwamba ilitubidi tupaze sauti. Tulikula, tukasali, mjomba Rasto akatueleza walikotoka na nia iliyowaleta, na kila mtu alitabasamu. Cornelius alikuwa ameketi mkabala na mimi. Kila nilipoinua macho niliyakuta yake yakinisubiri, na nilihisi joto likinipanda shingoni kama nilikuwa na miaka kumi na saba.

Ndipo baba akaweka kikombe mezani. Kwetu tunazungumza Kipadhola, lakini mbele ya wageni baba hutumia Kiswahili chake cha sokoni.

"Cornelius. Mimi nasikia wewe napita mtihani."

"Ndiyo, Mzee. Nimepita."

"Mimi nafurahi. Kweli kabisa nafurahi. Lakini ile ni mtihani ya serikali. Mimi pia iko na yangu. Swali moja tu."

Mjomba Rasto akacheka. "Uliza hata kumi, Mzee! Huyu kijana ana mwalimu wake humu ndani."

Baba hakucheka. Alimtazama Cornelius kwa upole, na huo upole ndio ulionitia hofu.

"Siku wewe nakufa," akauliza, "sisi nazika wewe wapi?"

Mvua ikaendelea kupiga bati. Mama yangu akashusha macho.

"Mzee wangu," Rasto akasema, "siku ya furaha tunaongea mambo ya makaburi?"

"Mimi hapana taka kuharibu siku. Mimi nataka kujua. Ile msichana yangu, Dorah, nazikwa Kenya, mimi nasikia kwa simu. Kwa simu, ndugu yangu! Simu nakufa, mimi sijui wao naimba nini tena. Sasa naniambia huyu kijana iko na karatasi. Karatasi nakaa kwa mfuko. Pale kaburi ya mwanaume iko, nyumba yake iko pale, na bibi yake nalala pale. Kama yeye nazikwa Kenya, Athieno pia nazikwa Kenya. Mimi hapana shindwa kuelewa hiyo. Mimi ni mzee, lakini hiyo naelewa."

Nilimwangalia Cornelius. Miezi minane nilimfundisha mihimili ya serikali, mito, maziwa, miaka. Hilo sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa mwalimu wake na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu moyoni nilijua jibu.

Alinitazama. Kisha akamgeukia baba.

"Hapa," akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa Tororo, Mzee. Nitatafuta kiwanja, nitajenga, nitaishi na Athieno. Nikifa mnizike hapa."

Aliyasema bila kukwama hata kidogo, sauti imenyooka, kama mtu anayetaja rangi za bendera. Baba akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mama yangu akashusha pumzi. Hapo ndipo kikombe cha Mama Maximilla kilipogonga kisosi.

"Cornelius," akasema.

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani gani, mwanangu? Si umeshasema nyumbani ni hapa?"

"Mama, tafadhali."

"Baba yako amelala pale peke yake tangu ukiwa na miaka tisa. Mimi ndiye nimekuwa nikipalilia. Nilipanda maua upande mmoja tu, upande wa pili nikauacha, nikasema hapo ni pangu, na mbele kidogo patakuwa pa mwanangu na mke wake na watoto wake." Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele. "Sikukukataza kuchukua karatasi. Nilisema ni kazi, mtoto anatafuta riziki, achukue. Hukuniambia kwamba unaniaga."

"Mama," baba akasema, akiinama mbele, "pole. Mimi hapana nyang'anya wewe mtoto."

Mama Maximilla akamgeukia.

"Mzee, najua huninyang'anyi. Nimekusikia kuhusu binti yako, na nimeumia. Wewe ulifungiwa huku, mtoto wako akiwa kule. Mimi nilifungiwa kule, wangu akiwa huku. Miezi ile yote nilikuwa kitandani na kifua hiki. Jirani aliniachia maji mlangoni kwa kuogopa kuingia. Kila usiku nilisema, nikifa leo, nani atanifumba macho? Na Cornelius ananipigia simu, analia, anasema, Mama, hawaturuhusu kupita. Mpaka ukifungwa tena, Mzee, mimi nitafanyaje? Ninaye mmoja tu."

Baba alimtazama kwa muda mrefu.

"Mimi nalikuwa na wawili," akasema taratibu. "Nabaki na mmoja."

Wale wazazi wawili waliketi wakitazamana katika chumba kile kidogo, kila mmoja akijua kabisa anachohisi mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuachia. Nilitamani wagombane. Wangegombana ningepata upande wa kukaa.

Nikasimama. Sijui nguvu nilizitoa wapi.

"Baba, lile si jibu lake."

"Athieno," Cornelius akasema haraka, "kaa chini."

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Namjua akisema kitu anachokijua, na namjua akisema kitu alichokariri. Lile si jibu lake, Baba. Amelisema kwa ajili yangu."

"Athieno!"

Mama Maximilla aliinuka, akakusanya leso yake, akamwinamia mama yangu kwa adabu, akamshukuru kwa chakula. Kisha akatoka, akapita uani kwenye mvua, akielekea barabarani. Hata kwenye pikapu hakuingia. Rasto akamfuata na mwavuli akiita jina lake.

Cornelius alinishika mkono akanitoa nje, tukasimama chini ya upenu wa jiko. Maji yalitiririka kutoka kwenye bati yakatengeneza pazia mbele yetu.

"Kwa nini umefanya hivyo?" Sauti yake ilikuwa imekatika. "Baba yako alikuwa amekubali! Ulimwona. Alikuwa amekubali!"

"Alikubali uongo."

"Haukuwa uongo. Ningezoea."

"Ungezoea nini? Kumwacha yule mama na kile kikohozi?"

"Ningekuwa naenda kila Jumapili! Saa chache tu, Athieno, watu wanavuka kila siku na baiskeli, na mikokoteni, na kuku!"

"Na mpaka ukifungwa?"

Akatazama maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye bati.

"Ukifungwa, Cornelius?"

Akageuka, akaegemea ukuta, akakiweka kichwa chake kwenye matofali. Alipozungumza tena hakunitazama.

"Basi njoo wewe."

"Nini?"

"Njoo wewe kwetu. Rudi mle ndani, piga magoti, mwambie baba yako unavuka. Nitachana ile barua ya Kampala sasa hivi. Karakana nitafungua Busia, mashine za kusaga ziko kila mahali. Wewe utapata shule. Mama atakupenda, ameshakupenda, umeona alivyokushika. Mwambie tu."

Nilitazama dirisha la sebule. Baba alikuwa bado ameketi palepale, kikombe mbele yake, mkono wa kulia umekaa karibu na sikio, kama mtu anayejaribu kusikia kitu cha mbali. Sijui kama alijua kwamba anafanya hivyo. Amekuwa akifanya hivyo tangu Dorah.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi."

"Siwezi kumfanyia hivyo mara ya pili. Atakufa, Cornelius."

"Na mimi niweze?" Sasa alinigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa nini mimi ndiye niweze? Wangu hatakufa?"

"Ndiyo maana nimesimama mle ndani."

Tulitazamana. Kwa miaka mitatu hatukuwahi kukosa la kuambiana. Nilimwona akitafuta jibu kama alivyokuwa akitafuta karakanani, paji la uso limekunjamana, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumnong'oneza.

"Tufanyeje, Mwalimu?" akauliza, taratibu sana.

"Sijui."

"Wewe unajua kila kitu."

"Hili sijui, mpenzi. Hili sijui."

Akanivuta kifuani. Suti yake ilikuwa imelowa, na chini ya kitambaa moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu kama mashine iliyokosa mafuta. Sikujali kama baba anaona. Nilimshika kwa mikono miwili, nikajaribu kukariri kila kitu: urefu wake, harufu ya shati, mahali kidevu chake kinapofika kwenye nywele zangu.

"Wamesema kiapo ni kama baada ya wiki tatu," akaninong'oneza. "Nitakwenda. Nitaongea na Mama, ataelewa. Nitakwenda, utaona."

"Mama yako yuko barabarani kwenye mvua," nikamwambia. "Mfuate."

"Sema kwamba unaniamini."

"Mfuate, Cornelius. Ana kifua."

Aliniachia vidole kimoja kimoja. Kisha akakimbia, viatu vyake vya kung'aa vikizama kwenye matope, akatokomea nyuma ya ua wa minyaa. Nilisikia pikapu ikigoma kuwaka mara mbili, ikawaka mara ya tatu.

Jioni ile baba alinikuta nikiosha vyombo vya wageni. Alisimama mlangoni. Tulikuwa peke yetu, akazungumza Kipadhola, lugha ambayo ndani yake hana kigugumizi.

"Nimekosea, mwanangu?"

"Hapana, Baba."

"Basi mbona unalia hivyo?"

"Kwa sababu hukukosea."

Alikaa kwenye kigoda kando yangu, akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani. Hajawahi kufuta sahani maishani mwake. Alizifuta zote, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.

Wiki ya kwanza Cornelius alinipigia simu kila siku. Mama Maximilla alikuwa amelazwa, ile mvua ilikuwa imemwingia kifuani. Wiki ya pili alipiga mara mbili. Aliniambia mama yake ameruhusiwa kurudi nyumbani lakini hawezi kuchota maji wala kuwasha moto. Nilimuuliza anakula nini, akasema anampikia yeye. "Nimempikia magira," akasema. "Amesema chumvi imezidi." Tulijaribu kucheka. Wiki ya tatu hakupiga. Nilikwenda karakanani, nikamkuta mjomba Rasto peke yake kati ya mashine.

"Yuko kwao," akaniambia, bila kuniangalia usoni. "Amechukua vifaa vyake vyote, binti yangu. Hata ile vaisi kubwa ya kubania vyuma."

"Na kiapo?"

"Barua imekuja. Ni Alhamisi hii. Nilimsomea kwenye simu."

"Akasemaje?"

"Alisema asante."

Niliomba ruhusa shuleni. Alhamisi alfajiri nilipanda basi la Kampala, mimi ambaye sikualikwa na mtu. Njiani nilijiuliza natamani nini hasa. Akija, atakuwa amemwacha mama yake. Asipokuja, ameniacha mimi. Nilijaribu kuomba, nikashindwa kujua niombe lipi, nikabaki natazama miwa ya kandokando ya barabara ikipita.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wahindi waliovaa vizuri, mapadri wawili, mama mmoja Msomali na watoto wake, wazee waliozaliwa hapahapa na kungoja maisha yao yote. Kila mmoja alishika bahasha yake. Niliketi nyuma, kwenye safu ya ndugu na marafiki, nikahesabu vichwa vya wanaume mpaka macho yakauma. Mara mbili moyo ulinilipuka kwa mtu mwenye mabega kama yake. Hakuwa yeye.

Afisa alianza kuita majina kwa orodha. Kila aliyeitwa alisimama akasogea mbele.

"Wandera, Cornelius."

Hakuna aliyesimama.

"Cornelius Wandera."

Watu waligeuza shingo. Feni iliendelea kuzunguka.

"Wandera Cornelius, kutoka Tororo. Yupo?" Akainua macho kwenye orodha. "Kuna ndugu yake humu?"

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe.

"Wewe ni nani wake?"

Niliyatafuta maneno. Mke si mimi. Mchumba, baada ya ile Jumamosi, sikujua kama bado nina haki ya kulitamka. Ukumbi mzima ulikuwa unanisubiri.

"Mimi ni mwalimu wake," nikasema.

"Atakuja?"

Niliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na jua kali na mlinzi aliyekuwa akipiga miayo.

"Hapana," nikasema. "Hatakuja."

Afisa alipitisha kalamu juu ya jina lake, akaita lililofuata. Orodha ilipokwisha, akawaomba wote wasimame na wainue mikono ya kulia. Nilichukua mkoba wangu, nikatoka nje kabla hawajaanza kuapa.